Waja leo waondoka leo: siku ya bandarini ukiwa na watoto wadogo

Binti wa mama mdogo anaishi Uingereza, na mwaka huu yeye na mumewe wamebahatisha ofa ya meli ya kitalii, zile hoteli zinazoelea, inapita Unguja siku moja alafu Mombasa siku nyingine. Wana watoto wawili, wa kike miaka minne, wa kiume mwaka na nusu. Akanitumia voisi ya dakika sita, salamu peke yake dakika mbili, kiini chake hiki: "Dada, meli ikifunga Mombasa asubuhi tunashuka, tunachukua gari, tunakuja Tanga tunakula kwa mama, jioni tunarudi melini. Si karibu tu hapo?"

Kwenye ramani ni karibu, sikatai. Ila Kilindini iko kisiwani, ukitaka kushika kusini ni uvuke Likoni kwa kivuko au uzunguke na barabara ya Dongo Kundu, afu Ukunda, afu Lungalunga, hapo mpakani upange foleni ya pasi wewe na mume na watoto wawili ambao mmoja lazima atakuwa anataka chooni, ndo ushike lami ya Horohoro kuja Tanga. Kilomita kama 170, hapo bado hujarudi. Muda wa kumsalimia mama utakaobaki ni wa kupitisha mkono dirishani gari likiwa linageuza.

Nilicheka, ila swali lake sio la kijinga, karibu kila mtu anakosea hapohapo. Sisi wa Tanga tumezoea kutaniwa waja leo waondoka leo, basi siku ya bandarini ndo hiyo kabisa, umekuja leo unaondoka leo, na kinachoipanga siku sio sehemu unayotaka kwenda bali saa unayotakiwa uwe umerudi. Unaanzia mwisho unarudi nyuma. Mimi kila likizo nawapakia wapwa boti hapa Tanga, sina meli ya kitalii wala nini, lakini hesabu ni ileile, kwaiyo nilimjibu kwa maandishi marefu na nimeona niyaweke hapa na wengine wayapate.

Masaa tisa ambayo sio tisa

Tuseme meli inafunga gati saa 2 asubuhi na inaondoka saa 11 jioni. Ukihesabu vidole unapata masaa tisa, unaanza kuota Bamburi na twiga wa Haller Park na Fort Jesus na kuogelea na kununua kanga. Sasa anza kukata. Meli ikifunga, watu wa uhamiaji na afya ya bandari wanamalizana nayo kwanza ndo abiria wanaruhusiwa, na mara nyingi waliolipia matembezi ya meli yenyewe wanatangulia kushuka, wewe na stroli yako mnakanyaga chini saa 3 na kitu. Jioni napo mwisho wa kupanda sio saa 11, huwa ni nusu saa kabla, meli zingine saa nzima kabla. Weka saa 10 na nusu. Toa saa moja na nusu ya akiba kwa ajili ya foleni ya magari, tairi, mtoto kutapika kwenye siti ya watu. Saa 9 unatakiwa uwe unaliona gati kwa macho.

Bado jua. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, Mombasa na Unguja hivohivo, kwaiyo kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 hivi jua linakuwa sio la mtoto kukaa wazi. Na bado usingizi, maana mtoto wa mwaka na nusu mchana analala, asipolala ndo mtamjua baba yake ni nani. Ukimaliza kukata vyote hivo umebakiwa na masaa matatu ya maana, labda matatu na nusu. Sehemu moja. Sio tatu. Mtoto wa miaka minne mwenyewe hana shida na sehemu moja, wenye tamaa ni sisi.

Alafu kuna mtego wa saa yenyewe. Meli ina saa yake. Unguja na Mombasa wanatumia saa moja, lakini meli inayotoka Shelisheli au Mauritius inatoka kwenye saa iliyotangulia yetu kwa saa nzima, na inayotoka Afrika Kusini inatoka kwenye saa iliyo nyuma yetu kwa saa nzima, na nahodha anaweza akaamua asibadilishe. Simu yako ikishika mtandao wa huku inajibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Kwaiyo vaa saa ya mkononi, iweke kwenye saa ya meli, usiiguse. Na wewe uliyekulia huku unazungumza na dereva kwa saa za Kiswahili mumeo anasoma karatasi ya meli kwa saa za kizungu, akisikia "saa nne" anajua ni alasiri. Ukipatana na dereva andika kwenye karatasi yote mawili, 16:00 na saa kumi jioni, mpe.

Ukichelewa ukiwa umejitokea mwenyewe, meli inaondoka. Haina ubaya na wewe, gati lina ratiba na linalipiwa. Utaifuata bandari inayofuata kwa nauli yako, ndo maana unashuka na pasi au kopi zake, kadi ya benki, na dawa za siku mbili za watoto hata kama unaenda hapo nje kununua madafu.

Hela

Matembezi yanayouzwa na meli yanahesabiwa kwa kichwa. Teksi inahesabiwa kwa gari. Hapo ndo siri yote ilipo. Tuseme meli inataka dola 60 kwa mkubwa na 40 kwa mtoto, nyie wanne ni dola 200, wakati teksi ya nusu siku mmepatana dola 50 na humo mnaingia wote na begi la pampasi. Hizo ni namba za mfano tu, ila pengo linakuwaga la namna hiyo. Sa ile 150 ya juu unanunua nini? Unanunua kusubiriwa. Basi la meli likichelewa, meli inalisubiri, ukichelewa wewe na teksi yako hakuna anayekujua. Kwaiyo sehemu ya mbali, yenye foleni, yenye kuvuka maji, lipia ya meli na usinung'unike. Sehemu ya karibu usilipie, unanunua bima ya nyumba ambayo hujajenga.

Bandari ya Unguja pale Malindi iko ubavuni mwa Mji Mkongwe, meli ikifunga gatini unatoka getini unatembea na miguu. Stroli iache melini kabisa, vile vichochoro na mawe na pikipiki zinazochomoza ghafla havitaki magurudumu, mfunge mdogo kwa mbeleko mgongoni kama tulivyobebwa sisi. Mpeleke wa miaka minne Forodhani akaangalie madau, mwisho wa habari. Shuka na nguo za kufunika mabega na magoti, ule ni mji wa watu.

Na kitu ambacho watu hawakioni: chakula cha meli umeshakilipia. Kama meli iko gatini na sehemu ulipoenda ni dakika kumi, toka asubuhi na mapema, saa 6 rudi melini mle, mdogo alale kwenye kitanda chake na feni yake, saa 9 kama bado mna nguvu mtoke tena hapo mlangoni tu. Umeokoa hela ya chakula, na tumbo la mtoto halijakutana na maji ya barafu ya mtu. Usibebe matunda wala nyama kutoka melini, bandari nyingi hawaruhusu vyakula vibichi kuingia, biskuti zilizofungwa hazina tabu. Huku nje ndizi ya kumenya mwenyewe, dafu lililokatwa mbele yako, chipsi zinazotoka kwenye mafuta sasa hivi, hivo mpe. Saladi na juisi zipite.

Kwenye teksi, bei inatajwa kabla hujakaa, na inatajwa yote, kwenda, kusubiri na kurudi, shilingi au dola, na inalipwa mkirudi sio mkifika. Dereva mwenye akili hatakataa. Kiti cha mtoto cha gari usitegemee kukikuta kwenye teksi ya huku, kama kile chenu kinabebeka shuka nacho. Bodaboda na mtoto, hapana, hata kama ni hapo tu, na mimi nasema hivyo nikiwa nimeziona boda zetu za hapa zimepakia familia nzima na kuku juu.

Na kama bado una pasi ya Tanzania itoe, kwenye hifadhi na makumbusho bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Kwenye hifadhi za taifa, Saadani ikiwemo, wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu.

Maji hayana bado kidogo

Hapa nitakaa, maana hapa ndo nimeumia.

Sio kila meli inafunga gatini. Zingine zinatia nanga nje, abiria wanashushwa na boti ndogo. Watu wa Tanga tunaijua biashara hii, miaka mingi meli kubwa zilikuwa zinakaa kule kwenye kina na mzigo unaletwa na matishari, mpaka bandari ilipochimbwa kina na gati kurefushwa. Ukiona kwenye ratiba yenu wameandika mtashuka kwa boti, punguza tena saa nzima, kwenda na kurudi, na ule mpango wa kurudi kula mchana ufute. Na kule kushuka kwenyewe, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono wakati boti inapanda na kushuka, kwaiyo mikono yako inatakiwa iwe mitupu, begi liko mgongoni, stroli imekunjwa ameshika baba.

Alafu kuna boti ya pili, ile ya kukodi mwenyewe. Unguja watakuvuta uende kisiwa cha Changuu kuona kobe, nusu saa hivi kwa boti, na kobe wenyewe ni wakubwa kweli, asili yao Shelisheli, wa kwanza waliletwa 1919, mtoto wa miaka minne atawakumbuka mpaka anaoa au kuolewa. Ila kule mara nyingi unashukia majini, wewe na mtoto begani, na boti inarudi maji yakitaka.

Maji yakitaka, sikutanii. Mwambao wetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni masaa sita na dakika kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, ndo maana ukisema "wiki iliyopita tulienda saa 4 ilikuwa safi" hujasema kitu. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita tatu na kitu wima, na bamvua huku kwetu maji yanakauka asubuhi ya saa 4 saa 5 na kujaa alasiri ya saa 10. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Hii yote iko kwenye simu bure, au muulize mvuvi yeyote, hata kalenda hana.

Siku yangu ilikuwa hivi. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, tumetoka asubuhi saa 1 na boti ya faiba kwenda upande wa pili wa ghuba, kwenye mchanga karibu na mikoko, wakubwa wanne watoto watano, mdogo wao ana miaka miwili. Saa 3 na nusu nahodha, mzee wa watu, akasema twendeni. Nami nikajibu, mimi mwenyewe na mdomo wangu, bado kidogo mzee, acha wamalize maandazi. Hakubishana. Alikaa ubavuni mwa boti anaangalia maji tu. Saa 4 tulipobeba vikapu boti ilishakaa kwenye tope, tumeisukuma mpaka viatu vikabaki chini, ng'o. Akatuambia kwa upole kabisa kwamba maji yatakauka mpaka saa 7 na yatairudia boti saa 10 jioni.

Masaa sita. Juani. Tulichomeka upondo na kasia kwenye mchanga tukafunga kanga mbili na shuka, watoto wakarundikana kwenye kivuli cha ukubwa wa kitanda, na kivuli kinahama, kila dakika ishirini unahamisha nguzo. Maji ya kunywa tulikuwa na lita sita, yakaanza kupimwa kwa kikombe. Pampasi ziliisha saa 8. Wale wakubwa wakubwa waliona ni sherehe, wanakimbiza kaa, ila yule mdogo ikafika saa akanyamaza, midomo mikavu, na mtoto akinyamaza juani ndo wa kuogopwa sio anayelia. Bahati dada alikuwa na pakiti ya ORS kwenye pochi, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja lita moja ya maji safi, tukampa kidogo kidogo kwa kijiko. Saa 10 na robo boti ikaanza kutikisika. Hakuna aliyenisemesha mpaka tunafika.

Kama ningekuwa na meli inaondoka saa 11 ningeipungia mkono kutoka kwenye tope.

Toka siku hiyo ORS mbili zinakaa kwenye begi, maji nabeba mara mbili ya ninayodhani, na nahodha akisema twende tunaenda na andazi mdomoni. Wa chini ya miezi sita habebewi maji, ni ziwa la mama tu mara nyingi zaidi, na kivuli, hata losheni ya jua bado sio yake.

Laifu jaketi ya mtoto inaendana na kilo zake. Ya mkubwa kwa mtoto ni mtego, akiingia majini inampanda kichwani yeye anapita chini. Mvalishe, funga, alafu mnyanyue kwa mabega ya jaketi, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa. Nzuri ina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Boti za kukodi mara nyingi wana za wakubwa tu, uliza kabla hujalipa, wakikosa ya mtoto basi boti hiyo sio yenu, na maboya ya kupulizia yale ya bata na tairi ni ya kuchezea. Watu wa mwambao huu hatujasahau kuzama kwa meli za Spice Islander Septemba 2011 na Skagit Julai 2012, kwaiyo ukiona watu ni wengi kuliko siti usione aibu kushuka. Chombo kinatakiwa kiwe kimekaguliwa, kwa bara kazi hiyo ni ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, muombe akuonyeshe cheti, aliyenacho anakionyesha. Utabiri wa mawimbi na upepo unatolewa na TMA, watu wa hali ya hewa. Na msimu nao una maneno yake, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi bahari inakuwa ya kistaarabu kidogo, kusi likikolea Juni Julai hata wavuvi wenye boti ndogo wanachagua siku.

Kuogelea ni habari fupi, mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, anashuka kimya kama jiwe, kwaiyo anayemuangalia awe umbali wa kumshika sio umbali wa kumuona. Tatizo la familia zetu ni wingi, mashangazi sita wako ufukweni kila mmoja anajua mwenzake anaangalia. Sisi tuna kofia moja ya ukili. Aliyeivaa ndo macho, hashiki simu, haongei umbea, akichoka anamvalisha mwingine mkononi kwa mkononi. Inaonekana ya kitoto, ila toka tuianzishe tunajua nani wa kulaumiwa.

Sasa mama atawaona vipi wajukuu

Huyu mdogo wangu aliendelea kung'ang'ania Tanga. Nikamwambia ukija kwa ndege siku zako tatu, nitakupeleka Mapango ya Amboni, kilomita kama nane tu kutoka mjini, na huyo wa miaka minne atapenda popo ila mshike mkono maana kuna giza na pa kuteleza, tutaenda Raskazone maji yakijaa, jioni tunazunguka Ngamiani kwenye zile barabara za namba anaona baiskeli mpaka achoke. Hiyo ni Tanga. Tanga ya masaa mawili sio Tanga, na bado kuna suala la mpaka, visa, na kadi ya homa ya manjano ambayo mtu anayetoka Kenya kuingia kwetu anaweza kuulizwa, na yule mdogo hata chanjo yenyewe ni kuanzia miezi 9 na sidhani kama kule wamemchoma.

Kwaiyo tumegeuza. Sisi tusio na meli ya kukimbilia ndo tunaovuka. Mama na mimi tunapanda basi siku moja kabla, tunalala kwa ndugu Mombasa, asubuhi tunawasubiri pale bustani ya Mama Ngina, iko kisiwani hukohuko kwenye mdomo wa bahari, hakuna kivuko, kuna mibuyu na kivuli na nafasi ya mtoto kukimbia, mihogo na madafu yapo, na meli zikipita kwenye mlango unaziona. Teksi fupi kutoka Kilindini. Mama atabeba chakula chake mwenyewe kwenye hotpoti, hilo halina mjadala. Saa 8 na nusu tunawafungasha warudi.

Jana kanitumia voisi nyingine, fupi safari hii. "Dada, nimemwambia shemeji yako tunakutana na bibi saa nne, kafurahi kweli, anasema afadhali, tutakuwa tumeshapumzika mchana." Nikampigia hapohapo.